Karagwe na Usui kwenye karatasi za Paris

Malori mengi yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hupita Nyakanazi. Hapa ndipo barabara ya Kigoma, ile ya Kibondo na Kakonko, inapoungana na barabara inayotoka Isaka na Kahama kuelekea Lusahunga, Ngara na mpaka wa Rusumo. Madereva wanaijua Nyakanazi kwa ukaguzi wa mizigo na kwa sahani ya wali usiku wa manane. Waliosafiri miaka ya nyuma wanaikumbuka kwa askari wenye silaha waliosindikiza mabasi msituni, enzi majambazi walipotamba Biharamulo. Wachache mno wanajua kwamba nchi hii na jirani yake Karagwe, kabla hazijakatwa na barabara ya gari wala mpaka wa wilaya, zilikwisha kuandikwa na kuchapwa Paris, na kwamba karatasi hizo bado zinauzwa huko kwa bei ambayo mwalimu wa sekondari wa Biharamulo anaweza kuimudu.

Katika miezi ya mwisho ya 1861, Mwingereza John Hanning Speke na Mskoti James Augustus Grant walikuwa njiani kutafuta chanzo cha mto Nile. Walitoka Kazeh, yaani Tabora, wakapita Uzinza, wakaingia Usui, nchi ya Wasubi, ambayo leo imo katika wilaya za Biharamulo na Ngara. Mtawala wa Usui alikuwa Suwarora. Aliwazuia kwa wiki kadhaa. Hongo ilidaiwa, ikalipwa, ikadaiwa tena: nguo, waya wa shaba, shanga. Maofisa wa mfalme walikwenda na kurudi, na Speke aliandika malalamiko yake kurasa kwa kurasa. Suwarora mwenyewe hakujitokeza kuonana naye. Alipokea mali kupitia watu wake, kisha akawaacha wageni waende zao.

Kaskazini, mambo yalikuwa mengine. Rumanika wa Karagwe aliwapokea kwa ukarimu Novemba 1861 katika makao yake ya Bweranyange. Speke aliendelea na safari kwenda Buganda mwezi Januari, lakini Grant alikuwa na kidonda kibaya cha mguu kilichomfanya asiweze kutembea, akabaki Karagwe hadi Aprili 1862. Mtu aliyelazwa huku ana penseli na rangi za maji hufanya nini? Grant alichora. Alichora watu, nyumba, mimea, vilima na maziwa. Michoro yake mingi imehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Scotland.

Kwa hiyo Rumanika na watu wa nyumba yake wameachiwa sura kwenye karatasi, na Suwarora hana. Mimi huliona hilo kuwa funzo kubwa la historia ya eneo letu. Mfalme wa Usui alijua thamani ya nchi yake kama njia, akatoza ushuru wa njia, akakataa kutazamwa. Kwenye njia ile ile leo mizigo inatozwa kwa mizani na mihuri. Anayetafuta picha ya zamani ya Biharamulo katika vitabu vya Ulaya vya wakati ule atakuta jina la Usui limetajwa tena na tena kwenye maandishi, na sura atazikuta ng'ambo, kwa Rumanika.

Kitabu cha Speke kilitoka London mwishoni mwa 1863. Mwaka 1864 kilitoka kwa Kifaransa kwa kampuni ya Hachette ya Paris, kimefasiriwa na E. D. Forgues. Mwaka huo huo safari hiyo ilisimuliwa kwa sehemu katika jarida la Hachette, Le Tour du Monde, lililoanzishwa mwaka 1860 na Édouard Charton na kudumu hadi 1914. Lilikuwa jarida la wasafiri, na nusu ya uzito wake ilikuwa picha. Msafiri Burton alikuwemo tangu mwaka wa kwanza, kwa safari yake ya Ziwa Tanganyika. Msafiri mwingine, Stanley, alifuata. Kwa miaka zaidi ya 50, Mfaransa aliyetaka kuijua Afrika Mashariki aliifahamu kwa picha za jarida hili.

Ili kuelewa kwa nini karatasi hizi zina thamani kwa mkusanyaji, inafaa kujua zilivyotengenezwa, maana hakuna kompyuta wala kamera iliyozichapa. Picha ya kamera haikuweza bado kupigwa chapa pamoja na herufi. Mchoro wa msafiri ulipelekwa kwa mchoraji wa jarida, na jarida lilikuwa na mabingwa: Émile Bayard, yule aliyechora Cosette wa riwaya ya Les Misérables, Édouard Riou, mchoraji wa vitabu vya Jules Verne, Alphonse de Neuville. Mchoraji aliichora picha upya juu ya kipande cha mbao ngumu sana ya mti wa boksi, uso wake umesuguliwa ukawa laini na kupakwa weupe. Mbao hiyo hukatwa kwa kukingama shina, si kwa kufuata urefu wa nyuzi zake, ili kisu kiende upande wowote bila kupasua. Mti wa boksi ni mwembamba, kwa hiyo picha kubwa ilihitaji vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja kwa skrubu. Kazi ikiwa ya haraka, skrubu zilifunguliwa, kila mchongaji akapewa kipande chake, mmoja mbingu, mwingine majani, mwingine mikono ya watu, kisha vipande vikaunganishwa tena na fundi mkuu akapita kwenye maungio kuyalainisha.

Maungio hayo wakati mwingine yanaonekana. Shika karatasi kwenye mwanga wa dirisha, itazame kwa lenzi, na utaona mstari mweupe mwembamba kama unywele umekata mbingu ya vilima kutoka juu hadi chini, umenyooka kwa namna ambayo hakuna kitu cha asili kinachonyooka. Pale ndipo mbao mbili zilipokutana. Kushoto chini kuna jina la mchoraji, kulia jina la mchongaji, herufi ndogo zilizochongwa kinyume ili zisomeke sawa baada ya kupigwa chapa. Geuza nyuma, utakuta maandishi ya Kifaransa ya ukurasa unaofuata, kwa sababu mbao ilikuwa na kimo sawa na herufi za risasi na vyote viliingia mashine moja. Ukipitisha kidole taratibu upande wa nyuma, mara nyingi utasikia mbonyeo mdogo sana ulioachwa na herufi.

Yote haya yalifanywa na watu ambao hawakuwahi kuvuka Mto Kagera. Grant alimwona Rumanika; aliyechonga uso wa Rumanika Paris alikuwa na kalamu ya Grant tu na mazoea yake mwenyewe ya kuchora miili kama sanamu za Kigiriki, milima kama Alps na miti kama ya bustani. Hili haliharibu thamani ya karatasi. Linaiongeza, kwa sharti kwamba mwenye kuikusanya ajue anachokitazama. Mchoro wa Grant ni ushahidi wa Karagwe. Chapa ya Paris ni ushahidi wa mikono miwili au mitatu, na kazi ya mkusanyaji makini ni kuitenganisha mikono hiyo: hapa ni Karagwe, hapa ni mchoraji, hapa ni fundi aliyechoka kuchonga majani akaweka mistari ya haraka. Nakala iliyoskaniwa vibaya na kuchapwa upya huifuta tofauti hiyo. Ndiyo sababu nasema karatasi ya asili inahitajika huku kwetu, iguswe na igeuzwe.

Tuangalie sasa Paris yenyewe ilikuwa nini miaka ile. Mwezi Mei 1863, miezi michache kabla kitabu cha Speke hakijatoka London, Édouard Manet alitundika picha yake ya watu waliokaa kula kwenye majani katika maonyesho ya waliokataliwa, na mji ukacheka. Tarehe 15 Aprili 1874, Monet, Degas, Renoir, Pissarro, Berthe Morisot na wenzao walifungua maonyesho yao ya kwanza katika chumba cha zamani cha mpigapicha Nadar, boulevard des Capucines. Kundi hilo lilifanya maonyesho manane, ya mwisho mwaka 1886. Katika kipindi hicho hicho Stanley alipita Karagwe, mwaka 1876, na simulizi yake ikachapwa Paris na Hachette. Mchongaji wa Le Tour du Monde na mchoraji wa maji na mwanga waliishi mji mmoja na huenda walinunua mkate duka moja.

Wachoraji hao wenyewe walikuwa wakusanyaji wa chapa. Monet, aliyehamia Giverny mwaka 1883, alijaza kuta za nyumba yake chapa za Kijapani. 231 zimehifadhiwa hadi leo. Huko Japani karatasi zile zilikuwa za bei ndogo, za watu wa mjini, sura za waigizaji na mandhari ya safari. Zilipovuka bahari, zilibadilisha namna Wafaransa walivyochora. Degas na Pissarro walihangaika na sahani za shaba na tindikali usiku na mchana. Mary Cassatt alitoa mwaka 1891 mfululizo wa chapa kumi za rangi za wanawake na watoto, ambazo kwa maoni yangu zinapita picha zake nyingi za mafuta.

Hapa lazima tuelewane juu ya neno asili, kwa sababu wengi hudanganyika. Katika uchoraji wa mafuta, asili ni moja. Katika chapa, asili inaweza kuwa mia au elfu, mradi kila karatasi ilipigwa wakati ule, kutoka kwenye mbao ile, shaba ile au jiwe lile. Ile iliyopigwa picha baadaye na kuchapwa upya kiwandani ni mapambo tu, hata ikiwa kwenye fremu ya dhahabu.

Jiwe lilileta mabango. Aliyeifungua njia hiyo Paris alikuwa Jules Chéret, mtoto wa mpangaji wa herufi, aliyefungua kiwanda chake cha chapa za mawe mwaka 1866. Jiwe lenyewe ni chokaa laini kutoka Solnhofen, Bavaria. Fundi huchora juu yake kwa kalamu yenye mafuta, hulowesha jiwe maji, kisha hupitisha wino: wino hushika penye mafuta na kukataa penye maji. Kila rangi ina jiwe lake. Chéret kwa mawe matatu au manne aliijaza mitaa wanawake waliovaa njano na nyekundu wakitangaza dansi, mafuta ya taa na vidonge vya kikohozi. Henri de Toulouse-Lautrec alichukua brashi ya meno, akalirushia jiwe wino ili apate vumbi la rangi. Bango lake la kwanza, la Moulin Rouge, lilibandikwa mwaka 1891 katika nakala zipatazo 3,000; lilizidi kimo cha mtu wa kawaida na lilihitaji karatasi zaidi ya moja kuunganishwa.

Sheria nayo ilisaidia. Sheria ya uhuru wa uchapishaji ya tarehe 29 Julai 1881 iliruhusu mabango kubandikwa karibu kila mahali isipokuwa palipokatazwa rasmi. Karatasi nyeupe isiyo na rangi ilikuwa imeachiwa matangazo ya serikali tangu Mapinduzi ya Ufaransa, kwa hiyo mfanyabiashara alilazimika kutumia rangi. Kila bango la mtaani lilibandikwa stempu ya kodi. Leo stempu hiyo, ikiwa bado ipo kwenye kona, humwambia mnunuzi kwamba karatasi ile iliandaliwa kwa ajili ya ukuta.

Na kwenye ukuta ndipo wakusanyaji walipoikuta. Katika miaka ya 1880 na 1890 Paris ilishikwa na homa ya mabango. Watu walitoka usiku na sifongo na maji, wakayabandua kabla gundi haijakauka. Wengine waliwahonga wabandikaji. Ernest Maindron aliandika kitabu kizima juu ya mabango mwaka 1886. Mfanyabiashara Edmond Sagot akawa anayauza kwa orodha, kama mtu anavyouza vitabu. Kuanzia 1895 hadi 1900 kiwanda cha Chaix kilitoa mabango bora katika umbo dogo la kuweka nyumbani, Les Maîtres de l'Affiche, karatasi 256 kwa jumla, kila moja ikiwa na muhuri wa kubonyeza usio na wino kwenye kona ya chini. Mwenye kutaka kuanza na mabango leo, na hana fedha za kumnunua Lautrec, aanzie kwenye karatasi hizo. Atafute muhuri kwa kidole kabla ya kuutafuta kwa macho.

Afrika Mashariki pia iliingia katika mabango hayo. Kampuni ya meli ya Kifaransa, Messageries Maritimes, iliyokuwa ikitia nanga Zanzibar kwenye njia ya Madagaska na Réunion, ilitangaza safari zake kwa mabango. Reli ya Uganda ilitoa mabango mwanzoni mwa karne ya 20 kuwaita matajiri wa Ulaya waje nyanda za juu za Kenya wakati wa baridi yao, wanyama wamepangwa mbele ya garimoshi. Mabango hayo yana bei kubwa na yanatafutwa sana. Siyaweki mbele ya mkusanyaji wa mkoa wetu wa Kagera. Yaliwasemea wageni kuhusu nchi tupu inayowangoja, na nchi haikuwa tupu.

Kinachoniuma zaidi ni mabango yetu wenyewe. Mkoa wa Kagera, ukiitwa bado Ziwa Magharibi, ulikuwa mmojawapo wa mikoa minne ya Kanda ya Ziwa iliyofanyiwa majaribio ya elimu ya watu wazima kwa msaada wa UNESCO kuanzia 1968 hadi 1972. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wakakaa kwenye vikundi kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kuchimba vyoo. Kampeni za aina hiyo zilitumia picha za kutundikwa ukutani, zilizochapwa kwa rangi chache na kuchorwa na Watanzania. Ziko wapi? Karatasi za serikali hufa kwa namna moja: huviringishwa, huwekwa juu ya kabati, hunyeshewa na bati linalovuja, kisha huwashia moto wa chai. Paris ilikuwa na watu waliobandua mabango usiku. Sisi kwa mabango ya Mtu ni Afya hatukuwa na watu hao, au walikuwa wachache mno. Anayeanza leo kukusanya mabango ya Ufaransa na akaacha ya nchi yake yaoze atakuwa ameshika nusu ya kazi.

Nyakanazi ya leo ina kuta zenye karatasi kuliko wakati wowote. Kalenda za wauza pembejeo, mabango ya mikutano ya injili, sura za wagombea zilizobandikwa moja juu ya nyingine mpaka ukuta unakuwa mnene, matangazo ya dawa za ng'ombe. Chache kati ya hizo zinastahili kuhifadhiwa. Lakini mtu lazima aamue zipi, na aamue kabla mvua haijaamua. Kalenda moja ya duka la mbegu la Lusahunga au Rulenge, safi, yenye jina la mchapishaji chini, baada ya miaka 60 itakuwa na mengi ya kusema kuhusu bei, mazao na mavazi.

Narudi kwenye Le Tour du Monde, maana ndiko moyo wangu uliko. Jarida lote limeskaniwa na linasomeka bure kwenye Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Mtu mwenye simu na bando Nyakanazi anaweza kufungua mwaka 1864 akafuata simulizi ya Speke ukurasa kwa ukurasa mpaka Usui na Karagwe, akaandika namba ya ukurasa anaoutaka, kisha ndipo akatafute karatasi yenyewe. Mpangilio huu ni muhimu. Muuzaji akikuonyesha picha, unailinganisha na ile ya Gallica: namba ya ukurasa, maelezo yaliyo chini ya picha, maandishi yaliyo nyuma. Visipolingana, uliza kwa nini.

Karatasi za jarida hili huuzwa moja moja na wauza vitabu vya mitumba wa kando ya mto Seine, wenye masanduku ya kijani, na wauzaji wengine kwa njia ya mtandao, kwa euro chache hadi makumi kadhaa. Kitabu kizima hugharimu zaidi, na hapo kuna suala la dhamiri. Karatasi nyingi zinazouzwa moja moja zimekatwa kutoka kwenye majalada mazima kwa sababu vipande vikiuzwa kimoja kimoja huleta faida kubwa kuliko kitabu. Ukiweza kununua jalada zima la 1864, nunua zima, ulihifadhi zima. Karatasi iliyokwisha kukatwa, ichukue bila kinyongo. Haiwezi kurudi ilikotoka.

Tahadhari moja ya rangi. Chapa za Le Tour du Monde za enzi ya Speke zilipigwa kwa wino mweusi peke yake. Ukikuta Rumanika amepakwa joho jekundu na nyasi za kijani, rangi hiyo imeongezwa na mkono wa baadaye, mara nyingi na muuzaji anayejua kwamba picha ya rangi hununuliwa haraka ili itundikwe sebuleni. Si kosa la jinai, lakini usilipe zaidi kwa ajili yake. Tahadhari nyingine ni ya nukta: kwa lenzi, mistari ya mchongaji ni myeusi na safi hadi mwisho, picha iliyochapwa upya kwa mashine ya kisasa huvunjika kuwa nukta zilizopangwa safu kwa safu.

Karatasi ambayo ningemshauri mkusanyaji wa Kagera aitafute kuliko zote si ya Speke. Ni ile ya Stanley inayoonyesha nyumba ya hazina ya Rumanika pamoja na silaha na vitu vyake. Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876 aliingizwa katika nyumba ya msonge iliyohifadhi vitu vya ufalme, na kitabu chake cha 1878 kikaweka picha ya nyumba na vitu hivyo: mikuki, sanamu za ng'ombe, vifaa vya shaba. Hachette ilitoa kitabu hicho kwa Kifaransa mwaka 1879 katika tafsiri ya Henriette Loreau. Wahunzi wa Karagwe walikuwa na sifa kote katika Maziwa Makuu, na ufalme wao ulifunga uhunzi na utawala kwa fundo moja. Vitu vya ufalme huo vilitawanyika baadaye. Kwa hiyo picha hiyo inafanya kazi ambayo hata mchongaji wake hakuikusudia: ni orodha ya mali. Mwanafunzi wa historia Ngara akiwa nayo mezani anaweza kuhesabu kilichokuwemo, akauliza kila kimoja kiko wapi leo.

Ndiyo maana nazitaka karatasi hizi ziwe na mahali pa umma. Boma la Wajerumani pale Biharamulo, maktaba ya shule, Kagera Museum ya Bukoba, popote penye kuta kavu na mtu wa kuzifungua. Mkusanyaji mmoja anaweza kuanza, na akawa na karatasi kumi nzuri kwa fedha ambayo wengine hununulia simu. Asizifiche kabatini.

Kuhifadhi kwetu ni kugumu kuliko Paris. Unyevu wa kanda hii unazaa madoa ya kahawia kwenye karatasi za miaka ile. Mchwa hawachagui kati ya chapa na mwimo wa mlango. Jua la asubuhi likipenya dirishani litaifanya karatasi kuwa ya njano ndani ya msimu mmoja. Dawa zake ni rahisi. Usiipeleke kwenye mashine ya leminesheni, ile ya steshenari tunayotumia kwa vyeti, kwa sababu plastiki ile ikishika haitoki bila kuharibu. Usitumie selotepu. Iweke kati ya karatasi mbili safi zisizo na tindikali, ndani ya jalada gumu, ilazwe, isiviringishwe, juu ya rafu ya chuma iliyo mbali na ukuta. Ukiitundika, kioo kisiguse karatasi, na ukuta usiwe ule unaopigwa na jua. Muuzaji aitume kati ya mbao nyembamba mbili au kadibodi nene, na bahasha iandikwe wazi kwamba ni karatasi ya zamani iliyochapwa.

Kuna chapa za Kifaransa za enzi hiyo hiyo ambazo hazihitaji kununuliwa Paris hata kidogo. Kampuni ya Kikatoliki ya Paris, Maison de la Bonne Presse, ilitoa kuelekea mwisho wa karne ya 19 katekisimu ya picha, mabango makubwa ya rangi yapatayo 70, kila moja takriban sentimita 66 kwa 48, yakionyesha amri za Mungu, sakramenti, mbingu na moto wa jehanamu kwa rangi kali za mawe ya chapa. Yalitengenezwa ili yatundikwe mbele ya watu wasiojua kusoma, na yalipelekwa kwenye misheni sehemu nyingi za dunia. Wamisionari wa Afrika wa Kardinali Lavigerie, wengi wao Wafaransa, walitua Bagamoyo mwaka 1878, wakafika Kashozi karibu na Bukoba mwaka 1892 na Katoke ya Biharamulo kabla karne haijaisha, kwa hiyo huenda baadhi ya mabango hayo yalifika hadi huku.

Mapadri na makatekista wa parokia kongwe za Kagera, kuanzia Katoke na Kashozi, wana makabati ambayo hayajafunguliwa kwa muda mrefu, na mengine husafishwa kila parokia inapopata padri mpya. Kabla karatasi kubwa zenye madoa hazijapelekwa kuchomwa nyuma ya jiko, mtu asome mstari mdogo ulio ukingoni chini. Ukiandikwa Bonne Presse, rue Bayard au rue François Ier, Paris, aiweke karatasi kavu na bapa, apige picha mbele na nyuma, aandike imetoka kabati gani na ya parokia ipi, kisha ampelekee habari mwalimu wa historia aliye karibu.